Noti yenye kasoro ya kiwandani: Ni hazina au ni uchakavu tu?

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Januari 2021, noti moja ya dola 20 za Marekani iliuzwa mnadani kwa dola 396,000. Noti hiyo haikuwa ya kale, wala haikuwa na saini ya mtu mashuhuri. Ilikuwa ya msururu wa 1996, na kilichoipandisha thamani ni kibandiko kidogo cha ndizi za kampuni ya Del Monte kilichonata kwenye uso wake.

Mtu yeyote anaweza kununua ndizi, akabandua kibandiko chake na kukibandika juu ya noti. Akifanya hivyo, hatapata hata senti moja zaidi ya thamani ya noti yenyewe. Kwa nini basi kibandiko kimoja kilete mamia ya maelfu ya dola na kingine kisilete chochote?

Jibu la swali hilo ndilo msingi wa elimu nzima ya kutambua noti zenye kasoro ambazo wakusanyaji huzitafuta. Kibandiko cha Del Monte kilinata kwenye karatasi ilipokuwa ingali kiwandani, kabla ya kazi ya uchapishaji kukamilika. Sehemu ya muhuri wa kijani wa Wizara ya Fedha pamoja na nambari za noti zilipigwa chapa juu ya kibandiko hicho. Kibandiko kilichobandikwa mtaani kingeufunika muhuri. Hiki kilifunikwa na muhuri.

Kwa hivyo, anayeshika noti isiyofanana na nyingine hana budi kujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: Je, jambo hili lingeweza kutokea katika hatua gani ya uchapishaji? Ikiwa hakuna hatua yoyote ya kiwandani inayoweza kulieleza, noti hiyo imeharibikia mikononi mwa watu.

Safari ya noti kiwandani

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kufahamu jinsi noti inavyotengenezwa. Mpangilio hutofautiana kidogo baina ya nchi na viwanda, lakini hatua za msingi hufanana.

Kwanza hutengenezwa karatasi, aghalabu ya pamba, ikiwa tayari na alama ya maji pamoja na uzi wa usalama ndani yake. Karatasi hiyo huwa kubwa na hubeba noti nyingi kwa pamoja.

Pili, hupigwa rangi laini za usuli. Tatu, picha kuu na maandishi makubwa huchapwa kwa mabamba yaliyochongwa, yanayokandamiza karatasi kwa nguvu nyingi. Hatua hii ndiyo huacha wino ulioinuka ambao mtu huuhisi anapoupapasa kwa kidole.

Nne, nambari za mfululizo hupigwa. Hatimaye karatasi hiyo kubwa hukatwa na kuwa noti moja moja, ambazo hukaguliwa, kuhesabiwa na kufungwa kwa matita.

Noti za Kenya zilichapishwa kwa miaka mingi na kampuni ya Uingereza ya De La Rue katika kiwanda chake cha Ruaraka, Nairobi, hadi ilipositisha shughuli zake humo Januari 2023. Noti zilizotolewa mwaka wa 2024 zilichapishwa na kampuni ya Ujerumani ya Giesecke+Devrient.

Popote zinapochapishwa, kasoro zinazotokea huonekana wakati wa ukaguzi na noti husika huharibiwa. Chache mno huponyoka na kuingia sokoni. Uchache huo ndio huwafanya wakusanyaji kuzing'ang'ania.

Je, noti yenyewe ni halali?

Kabla ya kuota utajiri, mwenye noti athibitishe kwamba si bandia. Noti isiyo na uzi wa usalama, au yenye nambari zilizopinda, mara nyingi huwa kazi ya waghushi wala si kosa la kiwanda.

Kwa noti za Kenya zilizozinduliwa Juni 2019, inua noti kwenye mwanga na utafute alama ya maji ya kichwa cha simba. Papasa uone kama neno KENYA na tarakimu za thamani zimeinuka. Inamishe noti na uutazame uzi wa usalama ukibadilika rangi. Kisha ilinganishe na noti nyingine ya thamani hiyo hiyo ambayo huna shaka nayo.

Ukipata noti mbili zenye nambari moja, shuku kwanza uhalifu, kwa kuwa waghushi hupenda kurudia nambari. Hata hivyo, kuna mfano adimu wa kiwanda halali kufanya kosa hilo. Nchini Marekani, mitambo ya Washington na Fort Worth ilichapisha noti za dola 1 za msururu wa 2013 zenye herufi B mwanzoni na nyota mwishoni, na mamilioni ya nambari hizo zikachapwa mara mbili. Wakusanyaji hulipia zaidi pale mtu anapopata noti zote mbili za jozi moja.

Nyota yenyewe si kasoro. Marekani huiweka kwenye noti zilizochapishwa kuchukua nafasi ya zile zilizoharibika kiwandani.

Tofauti si lazima iwe kosa

Wengi hukosea katika hatua hii. Noti inaweza kutofautiana na zile zilizozoeleka kwa sababu tu muundo umebadilishwa rasmi.

Agosti 2024, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza noti zenye saini za Gavana Kamau Thugge na Katibu wa Wizara Chris Kiptoo, mwaka wa 2024, na nyuzi za usalama zenye rangi tofauti na zile za 2019. Mtu aliyezoea noti za 2019 angeweza kudhani kwamba amepata kitu cha ajabu, ilhali noti hizo zilichapishwa kama zilivyokusudiwa, na zile za 2019 ziliendelea kutumika pamoja nazo.

Vivyo hivyo, nambari kama 7777777, au inayosomeka sawa mbele na nyuma, si kosa la uchapishaji. Wapo wanaozikusanya noti za aina hiyo, lakini huo ni mlango mwingine kabisa wa biashara hii.

Ukingo mweupe uliozidi kidogo upande mmoja pia ni jambo la kawaida. Mashine za kukatia hazilengi kwa usahihi wa unywele, na tofauti ya milimita moja haina mnunuzi.

Kasoro za kweli na namna ya kuzipima

Kasoro ya kweli huathiri hatua moja ya uchapishaji na kuziacha hatua nyingine zikiwa nzima. Uharibifu wa mtaani hauna nidhamu hiyo. Huligusa kila lililoko njiani mwake.

Chukua mfano wa noti iliyokatwa vibaya. Kisu kikihama kiwandani, upande mmoja wa noti hupoteza sehemu ya picha na upande wa pili hupata kipande cha noti jirani. Ukubwa wa noti aghalabu hubaki ule ule. Lakini noti iliyopunguzwa kwa makasi huwa ndogo kuliko nyingine, na haina kipande cha jirani yake. Rula na noti nyingine ya kulinganishia zatosha kumaliza ubishi.

Aina ya pili ni karatasi iliyokunjika kabla ya kuchapwa au kukatwa. Ikikunjuliwa, huacha doa jeupe lenye kingo zilizonyooka, na pengine pembe ya ziada inayochomoza nje ya umbo la noti. Kipimo chake ni rahisi. Rudisha mkunjo ule ule taratibu: mistari ya picha iliyokatika inapaswa kuungana barabara. Isipoungana, doa hilo lina asili nyingine.

Ya tatu ni picha ya upande mmoja kutokea upande wa pili ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Hutokea karatasi moja inapokosa kuingia mtamboni, wino ukabaki kwenye rola na kuiangukia karatasi inayofuata. Picha hiyo huwa kali mwanzoni, kisha hufifia katika karatasi zinazoifuata.

Isichanganywe na noti mbili zilizolowa maji zikabanana mfukoni, ambapo rangi huhamia kwa madoadoa. Isichanganywe pia na picha inayoonekana tu noti inapoinuliwa kwenye mwanga, kwani karatasi hiyo hupitisha mwanga tangu awali.

Ya nne ni nambari zisizowiana. Noti nyingi huwa na nambari moja iliyochapwa mara mbili. Gurudumu la tarakimu likikwama upande mmoja, nambari hizo hutofautiana. Zisome tarakimu kwa tarakimu, kisha utumie lenzi ya kukuzia. Tarakimu ya 3 hugeuzwa kuwa 8 kwa kalamu, na nusu mbili za noti tofauti huweza kuunganishwa kwa gundi. Mwanga wa nyuma hufichua mshono huo.

Ya tano ni kukosekana kwa hatua nzima: noti isiyo na nambari, au isiyo na picha kuu ingawa rangi za usuli zipo. Hii ni miongoni mwa kasoro zinazothaminiwa sana, na kwa sababu hiyo hughushiwa sana.

Ya sita ni kitu kigeni kuangukia karatasi, kama kile kibandiko cha ndizi. Kipande cha karatasi kikianguka wakati wa kuchapa kisha kikadondoka, huacha eneo tupu lenye umbo lake. Kikibaki, hubeba chapa ambayo noti iliikosa.

Madoa ya wino, ingawa huwavutia wengi, huwa na thamani ndogo. Ni vigumu kuthibitisha kwamba wino huo ulitoka mtamboni wala si kwenye kalamu ya karani.

Mbinu za walaghai

Kwa kuwa kasoro huleta fedha, wapo wanaozitengeneza. Dawa za kung'arisha nguo na tindikali hutumiwa kufuta rangi au kuzibadilisha. Noti ya kijani hugeuka samawati, au rangi moja hutoweka kabisa.

Hapa ndipo kanuni ya hatua moja inaposaidia. Dawa haichagui, ikifuta nambari, huzichubua pia rangi za usuli zilizo chini na kando yake. Kingo za eneo lililofutwa huwa hafifu, si kali kama za chapa iliyokosekana. Chini ya taa ya urujuanimno, ile inayotumiwa na makarani wa benki kukagua noti, karatasi iliyotiwa dawa aghalabu hung'aa tofauti na sehemu nyingine.

Nambari hufutwa pia kwa raba au kwa kukwaruza. Lenzi huonyesha nyuzi za karatasi zikiwa zimesimama kama manyoya mahali ambapo karatasi nzima huwa laini.

Uzi wa usalama nao huvutwa na kutolewa, kisha noti ikauzwa kama iliyotengenezwa bila uzi. Inua noti kwenye mwanga. Uzi uliochomolewa huacha njia yake ndani ya karatasi, na mara nyingi mpasuko mdogo ukingoni.

Jua pia lina sehemu yake. Noti iliyobandikwa dirishani kwa miezi kadhaa hufifia upande mmoja. Ile iliyosahaulika mfukoni na kufuliwa pamoja na suruali hupoteza rangi, hulegea na pengine kupungua ukubwa. Hizo zote ni noti zilizochakaa.

Kosa lenye mamilioni ya nakala

Hata kasoro ya kweli haileti fedha ikiwa haikuwa adimu. Mfano bora ni Australia. Mei 2019 ilibainika kuwa noti mpya ya dola 50, iliyoanza kutumika Oktoba 2018, ilikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya wajibu lililoachwa herufi moja. Neno hilo lilikuwa katika maandishi madogo mno yaliyonukuu hotuba ya Edith Cowan, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni nchini humo.

Kosa lilikuwa la kweli na benki kuu ya nchi hiyo ikalikiri. Hata hivyo, lilikuwa limo katika takriban noti milioni 46. Aliyekuwa nayo alikuwa na dola 50, basi.

Nchini Ufilipino, mwaka wa 2005, jina la Rais Gloria Macapagal Arroyo lilichapishwa "Arrovo" kwenye noti za peso 100 zilizotoka kiwanda cha Ufaransa. Kosa hilo pia lilikuwa kwenye bamba lenyewe, hivyo likajirudia katika kila noti ya fungu hilo.

Mifano hii miwili inatenganisha kosa la bamba na ajali ya mtambo. Kosa la bamba hunakiliwa mamilioni ya mara. Ajali ya mtambo huweza kuipata karatasi moja tu. Wakusanyaji wa kasoro huthamini zaidi ajali.

Jambo kama hilo linahusu noti za zamani za Kenya za Sh1,000, zilizopoteza uhalali baada ya Septemba 30, 2019. Benki Kuu ilieleza kuwa noti zipatazo milioni 7.4 hazikurejeshwa. Kwa hivyo, kuwa nayo peke yake si ajabu. Tena, noti ya zamani ikikosa mnunuzi mkusanyaji, haina thamani nyingine ya kuiegemea, kwani haiwezi kununua hata mkate.

Bei hupangwaje?

Mambo manne huamua bei: uzito wa kasoro, uadimu wake, hali ya noti na idadi ya wanaoitaka. Kasoro inayoonekana kwa macho kutoka mbali hushinda ile inayohitaji lenzi. Noti isiyokunjwa hushinda iliyopitia mikononi mwa makanga na wachuuzi.

Soko pia huchukua muda kukua. Noti ya Del Monte, iliyopatikana na mwanafunzi wa chuo katika jimbo la Ohio, iliuzwa mtandaoni mwaka wa 2003 kwa takriban dola 10,000. Mwaka wa 2006 ilipata dola 25,300 mnadani. Rekodi ya 2021 ilikuja baada ya umaarufu wake kuenea.

Usiamini bei zinazotangazwa mtandaoni. Noti za plastiki za pauni 5 zilipotolewa Uingereza mwaka wa 2016, watu walizitangaza zile zenye nambari za mwanzo kwa maelfu ya pauni. Tangazo ni tamaa ya muuzaji tu. Bei halisi ni ile iliyolipwa, nayo hupatikana katika kumbukumbu za minada iliyokwisha kufanyika.

Kwa noti yenye dalili za thamani kubwa, zipo kampuni zinazochunguza noti na kuzipa alama, kama vile Paper Money Guaranty ya Marekani inayotumia kipimo kinachofikia 70. Huduma hiyo hulipiwa, na gharama ya kutuma noti ng'ambo si ndogo. Haifai kwa noti ambayo kasoro yake ni ndogo. Jumuiya ya kimataifa ya wakusanyaji noti, iliyoanzishwa mwaka wa 1961, ina wanachama katika nchi nyingi, na ushauri wa mkusanyaji mzoefu huweza kumwokolea mtu gharama hizo.

Tahadhari kwa mwenye noti

Ukishuku kwamba noti yako ina kasoro ya kweli, usiifue, usiipige pasi, usiibandike utepe wala kuifunika kwa plastiki ya moto. Kila jitihada ya kuipendezesha huipunguzia thamani, na huweza kufuta ushahidi ambao ungethibitisha kwamba kasoro ilitokea kiwandani. Ishike kwa kingo, iweke kwenye bahasha safi na uipige picha pande zote mbili, kisha tena ikiwa kwenye mwanga.

Usiijaribu kwa kemikali wala kukwaruza ili kuona kama wino utatoka. Mbali na kuiharibu, kuharibu noti kimakusudi bila idhini ni kosa katika sheria za Kenya. Ukiona dalili kwamba ni bandia, ipeleke benki au kituo cha polisi. Kuipitisha kwa mwingine ukijua ni uhalifu.

Jihadhari pia na wanunuzi wanaoahidi mamilioni kisha wakaomba ada ya usajili, ya uchunguzi au ya usafiri kabla ya kulipa. Mnunuzi wa kweli huiona noti, huipima na kutoa fedha zake. Anayetaka utangulie kumtumia pesa kwa simu anawinda pesa hizo, wala hana haja na noti yako. Haraka haraka haina baraka: tafuta maoni ya watu wawili wasiojuana kabla ya kukubali bei yoyote.

Noti nyingi zitakazopimwa kwa njia hii zitaanguka mtihani, na hakuna hasara katika hilo. Noti halali ya Sh1,000 iliyofifia kwa kufuliwa ingali Sh1,000, mradi haijaharibika kupita kiasi, na iliyochakaa mno yaweza kupelekwa benki ibadilishwe. Anayepata hasara ni yule aliyeiharibu akitafuta kasoro isiyokuwapo, au aliyeiuza kwa bei ya kutupa kabla ya kuuliza ilitoka katika hatua gani ya mtambo.